Mbio ndefu zinakatikia kilomita ya 24: jibu kwa mwalimu wa Chake Chake

Mwalimu mmoja wa skuli, mkaazi wa Chake Chake, ameniandikia hivi:

"Assalaam alaykum kocha. Nina miaka 33, kilo 70, na nimejiandikisha kukimbia kilomita 42 Dodoma mwezi wa Julai. Itakuwa marathoni yangu ya mwanzo na nataka nimalize ndani ya saa 4. Jumanne na Alhamisi nakimbia kilomita 6, Jumamosi jioni nacheza mpira. Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu: saa 12 na nusu asubuhi natoka na chai ya rangi tumboni, nashika barabara ya Wete. Kilomita 10 za mwanzo nakwenda vizuri sana, dakika 5 na sekunde 20 kwa kilomita. Lakini kila nikifika 22 au 23 miguu inagoma, kichwa kinakuwa chepesi, na 24 sijapata kuivuka. Narudi kwa daladala. Zimebaki wiki 10. Rafiki yangu ananambia kama sikukimbia 42 kamili kabla ya siku yenyewe nisijidanganye, sitamaliza. Ni kweli? Na hii 24 ina nini?"

Waalaykum salaam, mwalimu. Kilomita ya 24 haina kitu. Ungeniambia unakwama kwenye 9 ningekupeleka kwa daktari kwanza, akupime moyo na damu. Mtu anayefika 24 kwa chai ya rangi, siku moja baada ya mpira, ana mwili wa kutosha. Kinachokuangusha kinaanzia kwenye zile kilomita 10 unazosema zinakwenda vizuri sana. Hizo ndizo zinazokwenda vibaya.

Tupige hesabu. Kumaliza kilomita 42 na mita 195 kwa saa 4 kunataka dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Wewe Jumapili, kwenye mazoezi, unaanza kwa 5 na sekunde 20, yaani kasi ya mtu anayemaliza marathoni kwa saa 3 na dakika 45. Ile unayoiita mbio ndefu ni mashindano unayoyakimbia peke yako kila wiki, bila kupumzika na bila kula. Mbio ndefu ya mazoezi hukimbiwa polepole kuliko kasi ya mashindano kwa dakika nzima au zaidi katika kila kilomita. Kwako ni kati ya dakika 6 na sekunde 40 na dakika 7. Usipotaka kuangalia simu, kipimo ni mdomo wako: uweze kumsimulia mwenzako mechi ya jana tangu filimbi ya mwanzo, bila kukatisha sentensi ili uvute pumzi. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, umeshakwenda mbio.

Sababu yake ni hii. Mwili huweka akiba ya sukari, glaikojeni, kwenye misuli na ini. Kwa mtu mzima akiba hiyo ni kama gramu 400 hadi 500, yaani kalori 2,000 hivi. Kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita, kwa hiyo kwako ni kama 70 kwa kilomita. Zidisha kwa 24 upate 1,680. Kisha kumbuka kwamba ulipokuwa umelala, ini lilitumia sehemu kubwa ya akiba yake kuulisha ubongo, na asubuhi hukurudisha kitu. Mafuta ya mwilini yangeweza kusaidia, maana hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha siku nyingi, lakini mafuta hutoa nguvu taratibu. Ukikimbia polepole yanachangia sehemu kubwa. Ukienda mbio mwili unakimbilia sukari. Ndiyo maana miguu inagoma palepale kila wiki, na ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi: ubongo nao unadai sukari.

Najua kukimbia kwa dakika 7 kunatia haya. Utapitwa na mzee wa baiskeli aliyebeba ndizi, na watoto wanaokwenda chuoni watakimbia na wewe huku wakicheka. Waache. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Picha ya utepeni ndiyo iliyoamua. Simbu alikuwa nyuma ya Petros hadi hatua za mwisho ndani ya uwanja, na bado alikuwa na mguu wa kumkamatia. Kilomita 42 nzima alikuwa anajua nini cha kutoa na nini cha kuweka. Hilo ndilo linalofundishwa Jumapili asubuhi, na halifundishiki kwa kasi.

Sasa mpira. Sikukatazi kucheza, najua mpira wa Jumamosi una watu wake. Lakini mechi ya dakika 90 ni kuchomoka, kusimama, kugeuka na kuruka, na misuli ya mapaja inaamka Jumapili imeshachanikachanika. Kwa wiki hizi 10 ama uhamishe mpira uwe Jumatano, ama uhamishe mbio ndefu, lakini visikae bega kwa bega. Kuna jambo jingine ambalo nadhani wengi hawaliangalii: wiki yako nzima ni kilomita 36, na 24 kati ya hizo unataka kuzimaliza kwa siku moja. Theluthi mbili za kazi siku moja, hapana mguu utakaovumilia. Alhamisi ipandishe polepole kutoka 6 hadi 12, kisha 14. Ongeza siku moja ya kilomita 6 au 8 nyepesi. Ukifanya hivyo mbio ndefu inakuwa ni sehemu ya wiki badala ya kuwa wiki yenyewe, na utashangaa jinsi 24 itakavyolainika bila kuigusa.

Nije kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Wapemba tuna kila kitu cha kumlisha mkimbiaji na bado watu wananiuliza wapi watanunua vile vipakti vya jeli kutoka ng'ambo. Jumamosi usiku kula wali, mihogo au ndizi kwa wingi, na mchuzi uwe mwepesi. Tui zito, maharage mengi na urojo wenye pilipili ni vitamu, lakini mafuta na pilipili hukaa tumboni, na kilomita ya 15 si mahali pa kutafuta choo. Alfajiri amka mapema, kama mtu anayekula daku, na utie kitu saa moja hivi kabla ya kutoka: ndizi mbivu 2, au boflo na asali, pamoja na chai yenye sukari. Chai ya rangi tupu haina cha kukupa. Kama tumbo lako halijazoea, anza na ndizi nusu na uongeze wiki baada ya wiki, kwani tumbo nalo hufundishwa kama miguu.

Njiani anza kula kabla ya njaa. Mwili unaokimbia kwa saa 2 au 3 unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Tende ndogo ina kama gramu 5 au 6, kwa hiyo tende 3 kila nusu saa zinakufikisha kwenye 30 na kitu. Zitoe kokwa nyumbani, zifunge kwenye mfuko mdogo wa plastiki, na ya kwanza iingie mdomoni dakika ya 30, hata kama unajihisi simba. Teremsha kwa mafunda mawili ya maji. Halua watu huipenda kwa sababu ni sukari, lakini ina samli nyingi na samli huchelewesha tumbo. Iache mpaka urudi. Kashata za karanga vilevile.

Maji. Karibu robo tatu ya nguvu inayotumika kwenye kukimbia hugeuka joto, na joto hilo hutoka kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Kisiwani kwetu hewa imejaa unyevu, jasho linachuruzika badala ya kukauka, kwa hiyo unapoteza maji na bado hupoi. Moyo unapewa kazi mbili, kulisha misuli na kupeleka damu kwenye ngozi, na mapigo yanapanda hata kama kasi haijabadilika. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda polepole. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya mbio, nguo zikiwa chache. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Kwa kilo zako 70, ukipungua zaidi ya kilo moja na nusu umekunywa kidogo mno. Ukirudi mzito kuliko ulivyotoka umekunywa kupita kiasi, na hilo ni baya zaidi. Watafiti waliopima damu za wakimbiaji 488 kwenye marathoni ya Boston ya 2002 waliona asilimia 13 chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango, na kilichohusika zaidi ni kunywa maji mengi mpaka uzito ukapanda. Chumvi ikishuka sana ubongo huvimba, na watu wamekufa kwa hilo.

Kwa hiyo chumvi ni lazima. Madafu nayapenda kama kila mtu wa hapa, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linaondoka na sodiamu. Changanya mwenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na ndimu kwa ladha. Usizidishe chumvi. Vijipakti vya ORS vya dukani vinafanya kazi hiyohiyo. Dafu lisubiri mwisho wa mbio, na ulinywe pamoja na mkate wenye chumvi.

Saa ya kutoka lazima ibadilike. Juni na Julai jua linachomoza kama saa 12 na nusu, ndiyo hasa saa unayoanza, kwa hiyo unakimbia saa zote 2 na ushei juani. Ukisali alfajiri ukatoka saa 11 na nusu, unapata saa nzima ya ubaridi wa kipupwe kabla ya jua. Giza lina hatari zake: vaa fulana nyeupe au yenye ukanda unaong'aa, chukua tochi ndogo, na kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari yaje usoni mwako. Barabara zetu hazina nafasi pembeni, na bodaboda nyingine hutembea bila taa. Masikio yaache wazi.

Njia yako ya Wete nayo ninaitilia shaka. Unatoka moja kwa moja mpaka unapochoka, kisha unatafuta daladala, na miguu imeshajifunza kwamba ikilalamika inapandishwa gari. Tengeneza mzunguko wa kilomita 7 au 8 karibu na mjini, kwa mfano kutokea Gombani kushika barabara ya Vitongoji na kurudi, na chupa zako uziache dukani kwa mtu unayemwamini. Kila mzunguko unakunywa, unachukua tende, unaendelea. Misikiti ya njiani ina mabomba. Maji ya kujimwagia kichwani na shingoni yanasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Siku utakayotaka barabara ndefu, nenda upande wa Mkoani kwanza, kilomita 10 hivi, kisha ugeuke. Msimu huu ni wa kusi, upepo unatoka kusini, kwa hiyo unaupokea kifuani ukiwa bado mzima na unakusukuma mgongoni ukiwa umechoka. Tahadhari tu: upepo wa mgongoni haupozi, kwa hiyo ongeza maji kichwani wakati wa kurudi. Barabara ile inapanda na kushuka mabonde ya mpunga mpaka mtu achoke kuhesabu, na ni neema. Watu wa mijini wanalipia gari kwenda kutafuta vilima. Sisi tumezaliwa navyo. Panda kwa hatua fupi, usitazame kasi kwenye simu, ushike pumzi ileile ya kusimulia mechi. Kushuka usijiachie, maana mteremko ndio unaochana mapaja. Na karafuu zikishaanza kuanikwa pembezoni, pita mbali na jamvi la mtu, hata kama lami iko upande wa pili na umechoka.

Sasa rafiki yako na 42 zake. Anakutakia mema, lakini usimfuate. Ukikimbia 42 kwenye mazoezi, misuli itataka wiki mbili au zaidi kujitengeneza, na hizo ni wiki ambazo ungekuwa unafanya mazoezi mengine. Faida ya ziada baada ya saa 3 hivi ni ndogo. Hatari ya kuumia inapanda haraka. Siku ya mashindano utakuwa umepumzika, akiba imejaa, kuna watu mbele na nyuma yako, na Dodoma asubuhi ya Julai kuna ubaridi mkavu ambao Pemba hatuujui. Mtu aliyezoea kuwa miguuni kwa saa 3 na robo katika unyevu wetu ana mwili wa kumaliza.

Jumapili hii kimbia 18, kwa dakika 7, ule na unywe kama nilivyosema, na urudi nyumbani ukiona ungeweza kuendelea. Wiki ya pili 21, ya tatu 24. Hapo utaivuka ile kilomita yako na nina hakika hutaijua. Ya nne shuka hadi 16 mwili upumue, kisha 26, kisha 20, na Jumapili ya wiki ya 7, wiki 3 kabla ya mashindano, 30. Hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Lakini saa 3 na dakika 15 zikitimia ukiwa kwenye 28, simama, kazi imekwisha. Baada ya hapo 20, halafu 12, halafu Dodoma. Wiki mbili za mwisho utajihisi mzito na utashawishika kuongeza. Usiongeze.

Kuhusu saa 4, nitakwambia ninavyoona: kwa mazoezi uliyonayo, kumaliza kati ya saa 4 na robo na 4 na nusu ni marathoni nzuri sana ya mwanzo. Anza kwa dakika 6 na sekunde 20. Ukifika 32 ukiwa na nguvu, hapo ndipo pa kuzitumia. Ukianza kwa kasi ya saa 4 na mwili hauko tayari, utakutana na 24 yako kulekule Dodoma, na kule bado zitakuwa zimebaki 18.

Inawezekana siku moja, pamoja na yote haya, miguu ikagoma tena. Usikae chini na usipungie gari. Tembea dakika 4 au 5, kula tende 3, kunywa, jimwagie maji, kisha anza upya polepole kuliko mwanzo. Mara nyingi ndani ya robo saa uhai unarudi. Kutembea dakika moja katika kila kumi tangu mwanzo pia ni mpango halali, na wengi wamemaliza 42 kwa njia hiyo. Bali kuna mambo ya kusimamisha mbio papo hapo: maumivu ya kifua, kuona baridi na vinyweleo kusimama juani, kupepesuka, kusahau uko wapi, au maumivu ya goti na mfupa yanayokufanya uchechemee. Uchovu hukaa kwenye misuli yote sawasawa. Jeraha hukaa mahali pamoja na kukuchoma kila hatua. Mtu wa nyumbani ajue njia yako na saa ya kurudi.

Viatu: vya mtumba si haramu, lakini bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao, imekufa hata kama juu kinang'aa. Utakavyokimbilia Dodoma viwe vimeshapita angalau mbio ndefu mbili. Paka mafuta ya mgando mapajani, makwapani na kwenye chuchu, kwani fulana iliyolowa chumvi inakata.

Na safari yenyewe usiipuuze. Julai bahari ya kusi ni chafu, na boti ikipita Nungwi abiria wengi wanatapika. Mtu aliyetapika njia nzima anafika Dar es Salaam bila maji wala chumvi mwilini, kisha bado ana safari ya Dodoma, hata kama treni ya SGR imeifupisha. Ondoka Pemba siku 3 kabla, kula chepesi kabla ya kupanda boti, kaa katikati na uangalie nje, na uwe na vijipakti vya ORS mkobani. Tende zako zichukue kutoka nyumbani, zilezile ulizofanyia mazoezi. Ukifika, kunywa kidogo kidogo siku nzima, kwa sababu kule jasho linakauka kabla hujaliona na utadhani hukutoka jasho. Siku ya kabla ya mbio tembea dakika 20 tu, kisha rudi ukalale.